Eti Konstantino ndiye aliyechagua vitabu vya Biblia?

Swali hili halikosekani kijiweni, na nimeshaona marafiki wakinuniana kwa sababu yake: eti Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nikea mwaka 325, wakapiga kura vitabu gani viingie kwenye Biblia. Riwaya ya Dan Brown ya 2003, The Da Vinci Code, ilizidi kuchochea moto.

Jamani, hapana. Nikea walibishana juu ya Ario, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, wakazungumzia na tarehe ya Pasaka. Kanuni zao 20 tunazo mpaka leo. Hakuna hata moja yenye orodha ya vitabu.

Orodha ilikua polepole, kwa kusomwa makanisani. Kwenye miaka ya 140 huko Roma, Marcion alitaka Injili moja tu, ya Luka (tena kaipunguza), pamoja na barua za Paulo. Wakamkataa. Kufikia mwaka 180 hivi Irenaeus wa Lyon anatetea Injili nne, si tatu wala tano. Konstantino hata kuzaliwa bado! Ubishi ulibaki kwenye vichache: Waebrania, Yakobo, Petro wa pili, Ufunuo. Orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu 27 vile vile vya Agano Jipya ni ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367.

Agano la Kale ndilo linalotugawa mpaka leo: Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73, ya Waprotestanti 66. Na Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao askofu wao wa kwanza, Frumentius, aliwekwa wakfu na Atanasi huyo huyo, wao wanahesabu 81.