Njia 4 za kuongeza nguvu ya sumaku-umeme, na mahali unapoitumia kila siku

Sumaku ya kawaida huwezi kuizima. Sumaku-umeme unaiwasha na kuizima upendavyo, na nguvu yake unaipandisha mwenyewe. Unahitaji msumari, betri moja ya tochi na waya wa shaba wenye vanishi, ule wa mafundi wanaosuka mota. Kwangua vanishi kwenye ncha mbili za waya, la sivyo umeme haupiti.

Sasa, unaiongezaje nguvu?

1. Ongeza mizunguko
Zungusha waya kuelekea upande mmoja tu, mizunguko ibanane. Ukigeuza upande katikati, nguvu zinafutana. Mwaka 1831, Joseph Henry wa Marekani alitumia waya uliofunikwa ili mizunguko mingi ikae pamoja bila kugusana. Sumaku yake iliinua zaidi ya kilo 900!

2. Ongeza mkondo wa umeme
Unga betri mbili kwa mfuatano badala ya moja.

3. Tumia chuma laini katikati
Shaba na alumini hazisaidii kitu. Chuma kigumu nacho hubaki na usumaku hata ukizima umeme.

4. Kunja chuma kiwe kama herufi U
Hapo ncha zote mbili zinavuta kwa pamoja.

Wengi hukwama hapa
Unaongeza mizunguko maradufu, lakini pini zinazonaswa ni zilezile. Kwa nini? Waya mrefu na mwembamba hupunguza mkondo, hivyo unachopata huku unakipoteza kule. Dawa yake ni waya mnene kidogo. Pia chuma kina kikomo: kikishajaa usumaku, ukizidisha umeme unaongeza joto zaidi kuliko nguvu.

Inatumika wapi?
• Kengele ya mlango: sumaku huvuta kinyundo kikagonga.
• Spika: koili ndogo hutikisa karatasi ya spika, sauti ikatoka.
• Feni na mota: koili hupeana zamu ya kuvuta, mota ikazunguka.
• Stata ya gari: ule mlio wa “ta!” ukiwasha gari ni sumaku-umeme inavuta.
• Kreni za vyuma chakavu: huinua mzigo, umeme ukizimwa mzigo unaanguka.
• Mashine ya MRI hospitalini: koili zake hupozwa hadi karibu nyuzi -269 za Selsiasi ili umeme upite bila kizuizi. Ndiyo maana unaambiwa uache funguo na saa nje.

Tahadhari kwa wazazi na wanafunzi
Usichomeke koili hii kwenye soketi ya ukutani, hata kwa kujaribu tu. Umeme wa volti 230 unaua, na waya utaungua papo hapo. Betri ya simu au ya gari pia usiiguse, inaweza kushika moto. Hata kwa betri ya tochi, unganisha sekunde chache tu kisha achia. Ukiona waya umepata moto, jua umezidisha.