Sare Kwanza, Nyanya Baadaye

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 2021, ndege ilitua Nairobi ikiwa na dozi milioni 1.02 za chanjo ya AstraZeneca. Zilitengenezwa India na Serum Institute, zikaletwa kupitia mpango wa COVAX. Siku mbili baadaye Dkt Patrick Amoth, kaimu mkurugenzi mkuu wa afya, alikunja mkono wa shati pale Hospitali ya Kenyatta na kudungwa mbele ya kamera. Magazeti yakapata picha, nchi ikapata matumaini.

Sasa piga hesabu kidogo. Sensa ya 2019 iliwapata Wakenya 47,564,296. Kaunti ya Mombasa peke yake ilikuwa na watu 1,208,333. Yaani shehena ya nchi nzima, kutoka Vanga hadi Turkana, haingetosha kumdunga kila mtu wa Mombasa hata mara moja, na kila mtu alihitaji kudungwa mara mbili. Ukigawa kwa mbili unabaki na watu kama 510,000. Hapo swali la nani atangulie si falsafa tena. Lazima mtu mahali fulani akae na kalamu, aandike orodha, na majina mengi yabaki nje.

Orodha iliandikwa, na ilikuwa na awamu tatu. Ya kwanza, Machi hadi Juni 2021, ilikuwa ya watu milioni 1.25: wahudumu wa afya, walimu, polisi na wanajeshi, maafisa wa uhamiaji. Ya pili, Julai 2021 hadi Juni 2022, ilikuwa ya watu milioni 9.7: waliozidi miaka 50, na watu wazima wenye maradhi kama kisukari na presha. Ya tatu, Julai 2022 hadi Juni 2023, ilikuwa ya watu milioni 4.9 walio katika mazingira magumu, kwa mfano wakaazi wa mitaa ya mabanda. Wizara ilisema awamu ya tatu ingeweza kwenda sambamba na ya pili chanjo zikipatikana. Zikipatikana.

Chukua orodha hiyo ushuke nayo Mwembe Tayari saa kumi na moja jioni. Huyu hapa utingo wa matatu, anaita abiria huku mate yanaruka. Huyu hamali na mkokoteni wake. Yule mama wa viazi karai, yule wa mitumba, yule dereva wa tuktuk, makarani wa mabasi ya Nairobi wanaogombania begi lako kabla hujasema unakwenda wapi. Kila mmoja kwa siku anapumuliwa usoni na watu wengi kuliko karani wa uhamiaji. Wako awamu gani? Kama wana chini ya miaka 50 na hawana maradhi, na wanaishi mtaa usiohesabika kuwa wa mabanda, hawako popote.

Nataka kuwa mkweli hapa, maana ni rahisi kijana kulia kwamba vijana tulisahauliwa. Korona haikuua kwa kufuata kelele za stendi. Ilifuata umri. Utingo wa miaka 24 akiambukizwa, uwezekano mkubwa ni kwamba angekohoa wiki moja na kurudi mlangoni. Lakini utingo huyo halali stendi. Analala Majengo, kwenye nyumba ya Kiswahili: vyumba huku na huku, ukumbi mmoja katikati, choo na uwa wa pamoja nyuma, na chumba cha mwisho yumo nyanya wa miaka 71 mwenye kisukari. Mtu wa kwanza kwenye orodha ya Mwembe Tayari, kwa maoni yangu, ni yule nyanya. Si mimi, wala si askari wa miaka 26. Nyanya aliwekwa awamu ya pili.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo mwaka 2020, kabla ya chanjo kuanza kusambazwa. Kwa nchi yenye dozi chache sana, ulisema anza na wahudumu wa afya walio hatarini, halafu wazee. Walimu walikuja hatua iliyofuata, na polisi nyuma yao. Kenya ilikubali mstari wa kwanza wa mwongozo, kisha ikaruka wazee ikaenda kwa walimu na polisi. Haikuwa peke yake kuchagua njia yake. Uingereza ilienda na umri, ndiyo maana aliyefungua pazia Coventry tarehe 8 Desemba 2020 alikuwa Margaret Keenan, mama wa miaka 90. Indonesia ikafanya kinyume: baada ya wahudumu wa afya ilianza na watu wa miaka 18 hadi 59, kwa sababu chanjo ya Sinovac iliyokuwa nayo haikuwa bado na data ya kutosha kuhusu wazee, na pia kwa hoja kwamba hao ndio wanaotoka kila siku na kurudi na virusi nyumbani. Hoja hiyo ingependwa sana stendi.

Kuhusu wahudumu wa afya hakuna ubishi. Desemba 2020 daktari wa miaka 28 alikufa kwa korona hapa Kenya akiwa hajalipwa mishahara ya miezi kadhaa, na mwezi huo huo madaktari wakagoma wakidai vifaa na bima. Ukimkosa muuguzi, hakuna wa kukudunga wewe.

Lakini polisi kabla ya nyanya? Serikali ilisema ni huduma muhimu, wanakutana na watu. Ni kweli wanakutana nao. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, walikutana na abiria wa feri Likoni kwa rungu na vitoa machozi. Mimi naona kuna sababu nyingine, ya kiofisi zaidi: serikali hutanguliza watu inaoweza kuwahesabu. Mwalimu ana namba ya TSC. Askari ana namba ya kazi na mkuu wa kituo. Ukitaka kujua ni wangapi, unafungua orodha ya mishahara. Hamali wa Mwembe Tayari ukitaka kumhesabu utamhesabia wapi? Nyanya ana kitambulisho, na kitambulisho kina mwaka wa kuzaliwa, kwa hivyo yeye angeweza kupatikana. Ila nyanya hana bosi wa kumwandikia barua.

Na si kwamba serikali haikuijua mitaa yetu. Tarehe 6 Mei 2020 ilifunga Mji wa Kale, Mombasa, na Eastleigh, Nairobi, hakuna kuingia hakuna kutoka, na ufungaji ukaongezwa mpaka mwanzoni mwa Juni. Sababu iliyotolewa ni kwamba maambukizi ya hapo yalikuwa mengi. Kwa hivyo Mei 2020 mtaa wenye watu waliobanana ulikuwa sababu ya kutangulizwa katika kufungiwa. Machi 2021, mtaa huo huo haukuwa sababu ya kutangulizwa katika kuchanjwa. Sijawahi kusikia mtu akieleza tofauti hiyo ikaeleweka.

Hapo Jomo Kenyatta Avenue, karibu na Mwembe Tayari, kuna sanamu ya askari Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tunapita kila siku tukikwepa bodaboda. Maandishi yake yanawataja askari kwanza, halafu wapagazi. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Hata kwenye jiwe, mwenye gwanda alitangulia mwenye mzigo.

Tuseme orodha ingekuwa nzuri kabisa. Bado ingekutana na kichupa. Kichupa kimoja cha AstraZeneca kilikuwa na dozi 10, na kikishafunguliwa kilitakiwa kiishe ndani ya saa 6. Muuguzi amefungua saa nane mchana, wamekuja walimu wanne. Atamwaga dozi sita? Ndiyo maana, kutoka Coast General hadi hospitali za Nairobi, kujitokeza na bahati kulianza kushinda orodha. Mwanzoni walengwa wenyewe walikuwa wakisitasita. Chama cha madaktari Wakatoliki kilikuwa kimepinga chanjo hadharani, na simu za watu zilijaa habari za damu kuganda Ulaya. Nafasi zikabaki, na kwenye nafasi zilizobaki wakaingia watu walio karibu na taarifa: mwenye shangazi hospitalini, mwenye gari la kufika haraka. Hakuna aliyehitaji kuhonga. Ilitosha kupigiwa simu, na hamali hakupigiwa.

Kwa wakubwa mambo yalikuwa wazi zaidi. Machi hiyo hiyo Wizara ya Mambo ya Nje ilitangaza kwamba wanadiplomasia, wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa na familia zao, watu kati ya 25,000 na 30,000, wangechanjwa Kenya. Madaktari walilalamika kwamba wenzao wengi walikuwa hawajapata bado. Mara kampuni binafsi ikaleta Sputnik V ya Urusi, ikaanza kuuzwa kwa maelfu ya shilingi. Tarehe 2 Aprili serikali ikapiga marufuku uingizaji wa chanjo wa kibinafsi, na hapo naipa serikali haki yake.

Mwishoni mwa Machi wenye miaka 58 na kuendelea waliongezwa kwenye awamu ya kwanza. Wimbi la tatu lilikuwa limepanda na dozi zilikuwa zinakaa. Rais Uhuru Kenyatta, mwenye miaka 59, alichanjwa wakati huo. Kwa hivyo nyanya wa Majengo alisogezwa mbele, lakini wiki hizo hizo India, iliyozidiwa na wagonjwa wake, ilizuia chanjo kutoka nje. Laini ikaanza kusonga, bomba likakauka. Waliopata dozi ya kwanza waliambiwa wasubiri ya pili wiki 12 badala ya 8, na wasiopata wakaambiwa wasubiri tu.

Dozi zilirudi kwa wingi nusu ya pili ya mwaka, nyingi zikiwa msaada. Moderna kutoka Marekani, zaidi ya 880,000, zilifika Agosti. Mlango ukafunguliwa kwa kila mtu mzima. Na Agosti hiyo ofisi ya mkuu wa utumishi wa umma, Joseph Kinyua, ilitoa waraka mkali: kila mtumishi wa umma awe amepata dozi ya kwanza kufikia tarehe 23, la sivyo adhabu. Waraka ulilalamika kwamba mwitikio ulikuwa mdogo katika sekta ya usalama, walimu na uchukuzi. Soma tena: usalama na walimu. Miezi mitano baada ya kupewa nafasi ya kwanza, bado walikuwa wanasukumwa.

Halafu ikaja Novemba. Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba 2021, asiye na cheti cha chanjo hatapata huduma za serikali wala kuingia hotelini au kupanda gari la abiria. Yule utingo, ambaye Machi hakuwemo kwenye awamu yoyote, sasa alikuwa mkosaji kwa kuchelewa, na alitakiwa akague vyeti vya abiria mlangoni. Tarehe 14 Desemba Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Desemba ni msimu. Mabasi ya Mwembe Tayari yalijaa kama kawaida, watu wawili kwenye kiti cha mmoja na mbuzi kwenye buti.

Mwaka ulipoisha, dozi takriban milioni 10 zilikuwa zimetolewa nchini. Lengo lilikuwa watu milioni 10.

Bado naikumbuka kalenda ya mwanzo, ile ya awamu tatu. Awamu ya watu wa mabanda ilipangwa kumalizika Juni 2023. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023.