Mkunjo na Ulinganishi: Historia ya Majina Mawili ya Hisabati ya Ishara

Mtafsiri akutanapo na neno konvolusheni hufungua kamusi, akaona maana ya mzongo, akaandika hivyo. Mwanafunzi asomaye tafsiri hiyo hapati picha yoyote ya kazi inayofanywa. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kazi hiyo na ndugu yake, korilesheni, zilivyopata majina, ili tuone ni jina gani linaloifaa lugha yetu.

Wataalamu wenyewe hawakuafikiana upesi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Vito Volterra wa Italia alisema "composizione", yaani utungaji. Wajerumani walisema "Faltung", yaani kukunja, na Mmarekani Norbert Wiener alilitumia neno hilo bila kulitafsiri katika kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1933. Baadaye Kiingereza kilishika neno lenye asili ya Kilatini, lenye maana ya kuviringisha pamoja. Korilesheni ilitoka kwingine: Francis Galton aliiingiza katika takwimu mwaka 1888, alipopima jinsi kimo cha mtu na urefu wa mkono wake, tangu kiwiko, vinavyokwenda pamoja.

Kwa nini kukunja? Na tuchukue kanda mbili za karatasi. Wa kwanza una mapigo matatu ya ngoma yenye nguvu 1, 2, 3. Wa pili unaeleza tabia ya chumba: kila pigo husikika mara 2 ya nguvu yake, kisha hufuata mwangwi wa mara 1. Pigo la pili linaposikika, mwangwi wa lile la kwanza nao unafika: 4 na 1, jumla 5. Lililotangulia ndilo lenye mwangwi sasa. Kwa hiyo ukanda wa chumba hauna budi kugeuzwa nyuma mbele, usomeke 1, 2. Tukiutelezesha juu ya ule wa kwanza, tukazidisha namba zinazokutana na kujumlisha, twapata 2, 5, 8, 3. Hiyo ndiyo konvolusheni. Tusipougeuza twapata 1, 4, 7, 6. Hiyo ni korilesheni, nayo huuliza swali jingine: ishara hizi zinafanana wapi? Ndivyo rada inavyoutafuta mlio wake katika mwangwi uliorudi.

Ni dhahiri, basi, kwamba Wajerumani waliitazama kazi, si neno. Tunapendekeza "mkunjo" kwa konvolusheni na "ulinganishi" kwa korilesheni. "Uwiano", ambalo wengine hulitumia kwa korilesheni, tayari lina kazi yake katika hesabu za shule.

Hata hivyo pana tahadhari. Mwaka 1989 Yann LeCun na wenzake walitumia mitandao ya neva ya kompyuta kusoma tarakimu za misimbo ya posta zilizoandikwa kwa mkono. Mitandao ya aina hiyo huitwa ya konvolusheni, lakini programu nyingi zinazoiendesha leo hazigeuzi ukanda wowote, hufanya ulinganishi. Kuiita "ya mkunjo" kungekuwa kumdanganya msomaji. Hapo na libaki neno la mkopo, na maelezo yafuate. Kabla ya kuandika istilahi, mtafsiri na ajiulize kwanza: je, ukanda umegeuzwa?