Waliorauka na Walioraushwa Nyeri

Mlima Kenya huonekana vizuri alfajiri. Mawingu hupanda kadiri jua linavyopanda, na mtu wa Nyeri aliyechelewa kuamka anaweza kumaliza siku bila kuiona Kirinyaga, kama Wakikuyu wanavyouita mlima huo. Wazee wa Kikuyu waliomwomba Ngai, Mungu wao, wakiuelekea mlima walikuwa na sababu yao ya kuamka na majogoo, na hapakuwa na mtu wa kuwagongea mlango.

Kiswahili kinamsifu anayeiwahi siku: amedamka, amerauka, ametoka kungali giza. Lakini Nyeri ina historia inayotulazimu kuuliza kama mtu alirauka au aliraushwa. Waingereza walijenga ngome yao hapa mwaka 1902. Wamisionari nao wakaja, huko Mathari na Tumutumu, na kengele zao zikaanza kuwaita watu kwenye sala na shule.

Hayo yalikuwa madogo. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 kukabiliana na uasi wa Mau Mau, alfajiri ikawa saa ya msako. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Ukanda wa Kati walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na mitaro. Amri ya kutotoka nje usiku ilimfungia ndani hata mkulima hodari, na kulipokucha hakwenda shambani kwake. Akina mama wa Tetu, Othaya na Mathira walitolewa na homugadi, walinzi wenyeji wa serikali ya kikoloni, kwenda kuchimba handaki kando ya msitu, la kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau na chakula. Wapo wasimulizi wanaoiita kazi hiyo kazi ya kijamii. Mimi naiita kazi ya kulazimishwa.

Kwenye ukingo wa msitu, huko Tetu, ndipo Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, alipopigwa risasi ya paja na kukamatwa kulipopambazuka tarehe 21 Oktoba 1956. Aliyempiga, Ndirangu Mau, alikuwa askari wa kikabila na Mkikuyu mwenzake, jambo ambalo bado linauma. Kimathi alishtakiwa Nyeri na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, asubuhi na mapema.

Mwaka huohuo kiwanda cha chai cha Ragati kilianza kusaga majani ya wakulima wadogo. Kahawa nayo, ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyima Wakikuyu kwa miaka mingi, ilikuwa imeanza kuenea mashambani. Mazao haya hayamsubiri mvivu. Buni iliyoiva huchumwa asubuhi kwa sababu lazima imenywe kiwandani siku hiyohiyo, isije ikachacha na kushuka daraja. Majani ya chai nayo yakikawia kwenye kikapu hupata joto na kuharibika. Mchumaji wa Othaya anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi anafuata saa ya zao lake, katika shamba lenye hati iliyo na jina lake au la jamaa yake.