Dubu Aliyeandikishwa Jeshini

Mwaka 1944, askari wa Polandi waliokuwa Misri wakijiandaa kuvuka kwenda vitani Italia walikwama kwa sababu ya mnyama. Kanuni za meli ya kijeshi hazikuruhusu kuchukua wanyama, nao hawakuwa tayari kumwacha dubu wao. Ufumbuzi ukawa kumwandikisha. Dubu huyo, Wojtek, akaingizwa kwenye orodha ya jeshi kama askari wa kawaida, akapanda meli pamoja na kombania yake, ya 22 ya ugavi wa mizinga.

Walimpata Iran mwaka 1942, kitoto ambacho mama yake alikuwa ameuawa na wawindaji. Wakamnywesha maziwa ya kopo kwa chupa, akalala hemani mwao. Alipokua alipiga mieleka na askari, akazoea bia, na sigara alizitafuna.

Wanaume hao nao walikuwa wamepokonywa kwao. Baada ya Urusi ya Kisovieti kuteka mashariki ya Polandi mwaka 1939, familia nyingi zilisombwa hadi Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoivamia Urusi mwaka 1941, kiongozi wake, Stalin, alikubali wafungwa wa Polandi waachiwe, na Jenerali Władysław Anders akaunda jeshi kutokana nao. Mwaka 1942 jeshi hilo lilitoka kupitia Iran, likifuatwa na maelfu ya raia.

Hapo njia ziligawanyika. Wanaume walielekea vitani. Wanawake na watoto wengi wakasafirishwa hadi Afrika Mashariki, katika kambi za Masindi na Koja huko Uganda, na Tengeru karibu na Arusha. Tengeru peke yake ilipokea takriban watu 5,000, na makaburi ya baadhi yao yapo hadi leo. Kwa askari ambaye mke na wanawe walikuwa chini ya Mlima Meru, au hakujua kama wangali hai, kitoto cha dubu kilichohitaji kulishwa na kubembelezwa kilikuwa zaidi ya kichekesho cha kambini.

Mwezi Mei 1944, katika mapigano ya Monte Cassino huko Italia, askari walisimulia kwamba Wojtek aliwaiga, akabeba masanduku ya makombora kwa mikono yake miwili. Kombania ikachukua picha ya dubu aliyeshika kombora kuwa nembo yake.

Vita vilipokwisha, ushindi haukuwarudisha nyumbani. Katika mkutano wa Yalta, Februari 1945, viongozi wa mataifa makubwa walikubali mashariki ya Polandi ibaki mikononi mwa Stalin, na nchi iliyosalia ikaangukia utawala wa kikomunisti. Kombania ilipelekwa Uskoti, na jeshi lilipovunjwa, Wojtek alikabidhiwa kwa bustani ya wanyama ya Edinburgh, Novemba 1947. Askari wa zamani walikuja kumwita kwa Kipolandi. Wengine waliruka uzio wakacheza naye. Alifia humo Desemba 1963.

Mwaka huohuo wa 1947, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwasaidia askari hao wa Polandi kupata makazi na kazi nchini humo. Wojtek hakuwamo. Uaskari wake ulitambuliwa pale ulipohitajika kumvusha bahari kwenda vitani. Siku ya kugawa stahili za amani, alirudishwa kuwa mnyama. Sanamu yake ilisimamishwa Edinburgh mwaka 2015, naye ameonyeshwa akitembea bega kwa bega na askari wa Polandi.