Wageni wakienda, nani anabaki? Kusaidia viongozi wa makanisa ya kwetu

Hapa Kindu, ukitaja neno misioni, wengi wanawaza mgeni aliyetoka ng'ambo na feza yake. Lakini historia ya makanisa yetu inaonyesha kwamba kazi inadumu pale kiongozi wa hapa anapopewa nafasi ya kuamua, si mshahara peke yake.

Tuanze na Wamethodisti. Mwaka 1912, Askofu Walter Lambuth wa Marekani na John Wesley Gilbert, mwalimu Mmarekani mweusi, walifika kwa chifu Wembo Nyama, kwa Watetela wa Sankuru. Misioni ilifunguliwa pale mwaka 1914. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1964, uasi wa Simba ukafika. Mmisionere Burleigh Law aliuawa pale Wembo Nyama, na wenzake wengi wakaondoka inchini. Mwaka huohuo John Wesley Shungu alichaguliwa, Mkongomani wa kwanza kuwa askofu wa kanisa hilo. Kubatiza, kuzika, kufundisha watoto, yote yalibaki kwa mapasta na waalimu wa hapa. Mwaka 2012 eneo la Mashariki ya Kongo lilipata askofu wake, Gabriel Unda, na makao yake yakawa hapa Kindu.

Waanglikana nao wana hadithi yao. Aliyeleta Injili Boga, Ituri, mwaka 1896 hakutoka Ulaya. Alikuwa Apolo Kivebulaya, Muganda aliyetumwa na Kanisa la Uganda. Alifundisha wanakijiji na Wambuti wa msituni, akatayarisha waalimu kati yao. Alikufa Boga mwaka 1933. Inasimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea msitu wa Kongo, siyo kwao. Kanisa lililoanza hivyo lilifika mpaka kwetu: dayosezi ya Kindu ilianza mwaka 1997, na askofu wake wa kwanza, Zacharie Masimango Katanda, alichaguliwa mwaka 2016 kuwa askofu mkuu wa Kongo yote.

Je, msaada wa ng'ambo ni mubaya? Hapana. Pasta anayezunguka parokia za mbali kwa kinga au kwa pirogi juu ya Lualaba anahitaji usafiri, vitabu na masomo. Shida inakuja pale feza inafika na mpango uliokwisha kuandikwa mbali. Parokia inazoea kungoja, matoleo yanapunguka, na siku mfadhili anaacha, pasta anabaki bila kitu na waamini wanamshuku kwamba amekula.

Tangu karne ya 19, Mwingereza Henry Venn, katibu wa shirika la misioni la Kianglikana, alitaka makanisa mapya yajiongoze, yajilipie na yajieneze yenyewe. Ukitaka kujua kama msaada unaelekea huko, uliza mambo matatu:

1. Nani alichagua kazi itakayofanywa: kamati ya parokia au mfadhili?
2. Hesabu inasomwa mbele ya waamini wote, kwa lugha wanayosikia?
3. Feza ikikatika mwaka ujao, ni kazi gani itaendelea?

Kama jibu la swali la tatu ni "hakuna", njo wakati wa kukaa na mfadhili na kupanga upya, mbele hajaondoka.