Kilo za Msanii

Milepa ni kata ya bonde la Ziwa Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa, ule ukingo wa milima unaotenganisha joto la bondeni na baridi ya Sumbawanga. Kwa miaka mingi muziki wa mbali ulifika huko kwa redio ya betri. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, baadaye ikawa Radio Tanzania, na usiku, mawimbi yakitulia, msikilizaji wa Ufipa aliweza kunasa pia stesheni za Kongo na Zambia. Kilichomfikia kilikuwa sauti tu. Franco Luambo wa Kinshasa alikuwa pandikizi la mtu, lakini mkulima wa mpunga wa bondeni aliyelipenda gitaa lake hakuwa na sababu ya kujua ana kilo ngapi. Leo mkulima huyohuyo, au mwanawe, ana simu mkononi, na msanii akionekana amepungua tu, maswali huanza kabla wimbo haujafika kiitikio: anaumwa nini? Hoja yangu ni kwamba mazoea haya ya kumhesabu msanii mnene kuwa mzima na aliyekonda kuwa mgonjwa si urithi wa mababu kama tunavyopenda kujitetea. Sura yake ya leo ni changa. Ilifinyangwa kati ya 1983 na 2004, pale mambo mawili yalipotukuta kwa pamoja: UKIMWI na picha.

Wapo watakaopinga hapohapo kwamba Mwafrika amependa unene tangu zamani, na watataja ushahidi. Ushahidi upo, tena wa karibu. John Speke alipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanika mwishoni mwa 1861, alikuta wanawake wa nyumba ya kifalme wakineneshwa kwa maziwa mpaka baadhi yao hawawezi kusimama wenyewe. Mmoja wa mashemeji wa mfalme alikubali kupimwa, baada ya mgeni kukubali kwanza kuonyesha mikono na miguu yake mitupu. Vipimo alivyoviandika, tukivigeuza, ni mkono wa sentimita 58 kwa mzunguko, kifua 132, paja 79. Pembeni alikuwepo binti wa miaka 16 akinywa maziwa, na baba yake amesimama na fimbo kuhakikisha haachi. Ni habari ya kusisimua, na hunukuliwa sana. Lakini inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba katika baraza la wafugaji wenye ng'ombe wengi, mwili wa mke ulikuwa tangazo la utajiri wa mumewe. Fimbo ile inatuambia kwamba hata binti mwenyewe hakuwa na kauli juu ya mwili wake. Na desturi ya baraza la Karagwe huwezi kumbebesha Mfipa wa karne ileile, mkulima wa ulezi aliyeishi kwa kufukia majani kwenye matuta ili udongo upate rutuba, ambaye maziwa hayakuwa tegemeo lake. Tunaposema "mababu zetu" katika jambo hili, tunawakusanya watu waliokuwa na vyakula tofauti, tawala tofauti na macho tofauti.

Tena unene ule wa Karagwe ulihusu mali na heshima. Kuuona unene kama uthibitisho kwamba damu ya mtu ni safi ni jambo jingine, nalo lina tarehe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Rakai na Masaka, ugonjwa uleule uliitwa Slim, na mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wakauandika kwa jina hilo katika jarida la Lancet. Upande wa Kagera watu waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyoletwa na wachuuzi wa magendo. Kabla kipimo cha damu hakijafika wilayani, jicho ndilo lililokuwa maabara. Mashavu yakiingia ndani, nguo zikipwaya, nywele zikinyonyoka, hukumu ilitoka kijiweni bila rufaa: huyo amekanyaga miwaya. Kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikwisha kutoa taarifa za wagonjwa, na Rukwa, yenye bandari zake za Ziwa Tanganyika na barabara yake ya Tunduma, haikuwa kisiwa.

Wanamuziki walikuwa watu wa kwanza kusomwa hivyo hadharani, kwa sababu kazi yao ni kutazamwa. Mwaka 1987 Franco alitoa wimbo mrefu wa kuonya juu ya ugonjwa huo, Attention na SIDA. Huyu alikuwa mtu ambaye mwaka 1978 Serikali ya Mobutu ilimfunga kwa nyimbo za watu wazima, Hélène na Jacky, zilizosemwa kuwa ni matusi matupu. Sasa akawa mwalimu. Muda si mrefu akaanza kukonda yeye mwenyewe. Hakutamka anaumwa nini, na kila kilo iliyopungua ilizaa uvumi mpya, hadi alipofariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989. Mwaka huohuo Philly Lutaaya wa Uganda, aliyekuwa akiishi Uswidi, alifanya kinyume chake: alirudi nyumbani akatangaza waziwazi kwamba ana virusi, akaenda mashuleni na makanisani kusimulia, akafariki Desemba. Miezi miwili tu ilitenganisha vifo hivyo viwili. Binafsi namwona Lutaaya kuwa ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi, lakini simlaumu Franco. Mtu aliyejulikana kwa ukubwa wake aliulizwa na umma mzima swali ambalo daktari humuuliza mgonjwa faraghani, na hakuwa na wajibu wa kulijibu.

Wakati huohuo picha zilikuwa njiani. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara tulikaa bila kituo chetu mpaka 1994, ITV na CTN walipoanza. Kabla yake vibanda vya video vilikuwa vimeshatangulia. Kwa hiyo kizazi kilekile kilichofundishwa na msiba kusoma mashavu ya watu ndicho kilichopewa, kwa mara ya kwanza, mashavu ya wasanii kuyasoma. Nao ulikuwa wakati wa mipasho. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, Chama Cha Mapinduzi kilikuwa na Tanzania One Theatre chini ya Kapteni John Komba, na Khadija Kopa, aliyetoka Culture Musical Club ya Zanzibar, akawa nyota wake. Upande wa pili Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ikawa na Nasma Khamis "Kidogo". Taarabu ya zamani ilimtaka mwimbaji atulie, macho mbele, mikono isicheze. Mipasho ilimtaka atembee, ageuke, amnyooshee kidole hasimu asiyetajwa jina, na mwili mkubwa jukwaani ukawa sehemu ya hoja: shabiki alipanda kumtunza noti mwimbaji anayejaza jukwaa. Sioni ubaya katika hilo. Khadija Kopa alikuwa na sauti na ulimi, na umbo lake alilivaa kwa kujiamini ambako wanawake wengi waliokuwa ukumbini walikuhitaji. Ninachosema ni kwamba shangwe ile ilikuja katika miaka ambayo wembamba ulinuka jeneza, na kwa hiyo ilibeba mzigo ambao haukuwa wake. Mwimbaji mnene alishangiliwa pia kwa sababu alionekana kuwa mtu ambaye ugonjwa haujamgusa.

Je, jicho halikuwa sahihi, walau kwa nyakati zile? Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote na halistahili kupuuzwa. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, wengi waliokonda ghafla kweli walikuwa wagonjwa, na wengi walikufa. Lakini jicho lilikosea palepale penye hatari kubwa zaidi. Virusi hukaa miaka mingi mwilini bila kumpunguza mtu hata kilo moja, na aliyemchagua mwenza kwa kumwona amenona alikuwa hajajikinga na chochote. Kadhalika kuna maradhi ambayo huishi na unene kwa amani mpaka siku yanapoua. Pepe Kalle wa Empire Bakuba, jitu lililoitwa tembo wa muziki wa Kongo na aliyependwa Dar es Salaam kama mtoto wa nyumbani, alikufa kwa moyo Kinshasa mwishoni mwa Novemba 1998, hajafikisha miaka 47. Hakukonda. Hakuna kijiwe kilichomtilia shaka. Kwa kanuni yetu ya macho, alikuwa mzima mpaka siku aliyoanguka.

Wako pia watakaosema haya ni mambo ya mjini na pwani, na Milepa ina shida nyingine. Nadhani ni kinyume. Hakuna mkoa unaoonyesha udhaifu wa jicho kuliko Rukwa. Ni miongoni mwa mikoa minne iliyohesabiwa kwa miongo kuwa ghala la mahindi la taifa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Msimu ukiwa mzuri magunia hupangwa nje kwa kukosa pa kuwekwa. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto hao hawatishi kuwatazama. Wana mashavu, wana tumbo lililojaa ugali, wanacheza. Kasoro ni kwamba wa miaka minne ana kimo cha wa mitatu, na kwa kuwa wenzake nao wako hivyo, hakuna anayeiona. Inabidi upimwe urefu kwa ubao, mstari kwa mstari, ndipo njaa iliyojificha ndani ya shibe ijitokeze. Jamii inayoamini kwamba kunenepa ni kula vizuri na kula vizuri ni kujaza tumbo haitamshuku mtoto aliyeshiba wanga. Kosa linalomwandama msanii aliyekonda na kosa linalomwacha mtoto huyu bila maharage, yai au dagaa ni kosa moja.

Upepo sasa umegeuka. Maradhi yanayowaandama watu wanene mijini, na hata Sumbawanga mjini, ni kisukari, shinikizo la damu na moyo, na mara nyingi njia ya kupona inapitia kwenye kupunguza kilo. Katika miaka ya karibuni mwimbaji Peter Msechu, aliyejulikana kupitia mashindano ya kuimba kwenye televisheni na ambaye unene ulikuwa sehemu ya utambulisho wake, alieleza hadharani kwamba amewekewa puto tumboni katika Hospitali ya Mloganzila. Puto hilo la silikoni huingizwa kupitia mdomoni likiwa limekunjwa, likifika tumboni hujazwa maji, likae miezi kadhaa likichukua nafasi ya chakula, kisha litolewe. Kwa daktari ni tiba ya kawaida. Kwa msanii wa nchi yetu ni kujitoa mhanga kidogo, kwa kuwa anatakiwa apone kwa namna ileile ambayo umma umejifunza kuiita kuugua. Ndiyo maana kulisema jambo lile kwa kinywa chake kulikuwa na uzito. Alichofanya ni kuuwahi uvumi. Ila si haki kumtaka kila msanii afanye hivyo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu, na heshima hiyohiyo ya kutunza siri inafaa kwa sukari na presha.

Nimesikia pia hoja kwamba kumkosoa anayesifu unene ni kumtumikia Mzungu na warembo wake wembamba. Hoja hii ina ukweli ndani yake: mwanamke mnene ametukanwa vya kutosha na mitindo iliyotoka Paris, na jukwaa la taarabu lilimpa mahali pa kusimama bila kuomba radhi. Lakini sifa inayogeuka kuwa tetesi siku mtu anapopungua haikuwa heshima. Ilikuwa sharti. Ukitaka kuona heshima ya kweli kwa msanii, tazama kama tunaendelea kumsikiliza mwili wake unapobadilika.

Kwa kipimo hicho, habari ya Tshala Muana inafaa kusomwa kwa makini. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1958, mji wa Waswahili wa Katanga, akaanza kama mcheza shoo nyuma ya M'Pongo Love, kisha akaipeleka Abidjan na duniani ngoma ya kwao ya Kasai, mutuashi, ngoma ya kiuno ambayo wenye staha waliiita aibu na wengine wote waliicheza. Kwa Kiswahili alituachia Karibu Yangu. Umbo lake lilizungumzwa maisha yake yote, mara kwa kusifiwa, mara kwa kushutumiwa. Mwaka 2020 alipatwa na kiharusi, na waliozoea kumpima kwa kiuno wakamhesabu kuwa amekwisha. Novemba ya mwaka huohuo alirudi na wimbo kuhusu mtu asiye na shukrani kwa mlezi wake, Ingratitude, na wengi Kinshasa wakaamini kwamba anamsema Rais Tshisekedi kwa niaba ya mtangulizi wake, Kabila. Idara ya usalama ilimkamata, ikamwachia siku iliyofuata. Alifariki tarehe 10 Desemba 2022. Mwanamke aliyetoka kwenye kiharusi alitoa wimbo uliowasumbua wakubwa kiasi cha kumtia ndani, na alichowasumbua nacho kilikuwa maneno yake.